Nguzo Kumi na Mbili Ndani ya Injini: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu cha Boti

Madhumuni ya makala hii ni kuhakiki istilahi zilizotumika katika kijitabu kimoja cha maelekezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili, kinachoeleza namna ya kuunganisha injini ya nje ya boti na kioo cha kidijitali cha kuonyeshea hali ya injini hiyo. Kijitabu chenyewe ni chembamba, hakina jina la mfasiri, na jina la waliokichapa sitalitaja, kwa kuwa makosa yaliyomo si yao peke yao. Ni makosa ambayo sisi sote tunaofasiri maandishi ya ufundi huyafanya, nami nimo. Nilikipata mjini Tarime, katika duka la vipuri vya pikipiki, kikiwa kimechakaa na kuandikwa pembeni kwa kalamu na fundi aliyejaribu kukitumia. Maandishi hayo ya pembeni ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Msomaji anayeijua ramani ya Mkoa wa Mara ataniuliza injini za boti zina kazi gani Tarime. Swali lake ni la haki. Hadi mwaka 2007 Wilaya ya Tarime ilifika ziwani. Ilipomegwa na kuzaliwa Wilaya ya Rorya, ufuko wa Shirati, Sota na Kinesi ulikwenda kwa Rorya. Wilaya ya Serengeti, kwa upande wake, hailigusi Ziwa Viktoria. Maji yake ni Mto Mara, na vyombo vinavyoonekana katika tindiga la chini la mto huo, kabla ya kufika Daraja la Kirumi, ni mitumbwi ya kasia. Lakini mipaka ya wilaya haikizuii kipuri, wala haimzuii fundi. Mvuvi wa Rorya ambaye mashine yake imegoma humfuata fundi wa pikipiki wa Tarime, kwa sababu plagi ni plagi na karbureta ni karbureta. Maneno ya fundi huyo, pamoja na ya madereva wa magari ya watalii niliowasikiliza Mugumu, ndiyo lugha hai ya mitambo katika sehemu hizi, na ndiyo niliyoitumia kuwa mizani ya uhakiki huu.

Kabla ya kuyapima maneno, hatuna budi kukitazama kitu chenyewe. Injini ya nje ni ile inayofungwa kwa vibano kwenye tezi ya chombo, mtambo wake ukiwa juu, mguu wake majini, na rafadha yake chini ya mguu. Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwei, alianza kuitengeneza kwa ajili ya kuuza mwaka 1909. Katika Ziwa Viktoria injini nyingi ni za Kijapani, ndogo, za nguvu ya farasi 15 hivi, za mipigo miwili, zisizo na kompyuta yoyote. Nahodha wake huijua hali ya injini kwa sikio, kwa kiganja anachokiweka juu ya kifuniko, na kwa kuutazama mchirizi wa maji unaoruka ubavuni.

Injini kubwa za siku hizi zina kompyuta inayopeleka habari kwenye kioo, na mara nyingi hufanya hivyo kwa kaida iitwayo NMEA 2000. Chama cha Marekani cha elektroniki za baharini kilichoitoa kaida hiyo kiliundwa mwaka 1957, na mwaka 1983 kilitangaza kaida yake ya awali, NMEA 0183, iliyopeleka biti 4,800 kwa sekunde, msemaji akiwa mmoja na wengine wakisikiliza. Kaida ya sasa hupeleka biti 250,000 kwa sekunde, na vifaa vyote vilivyofungwa katika waya mmoja husema kwa zamu na kusikilizana. Msingi wake ni mfumo uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani kwa ajili ya magari na kutangazwa mwaka 1986. Kila aina ya habari ina namba yake: 127488 hubeba mizunguko ya injini, 127489 hubeba joto, shinikizo la oili, volti na matumizi ya petroli. Baina ya injini ndogo ya zamani na kioo cha leo hukaa kijisanduku kinachoyahesabu mapigo ya umeme wa injini na kuyageuza kuwa habari zenye namba hizo. Ufungaji wa kijisanduku hicho ndio unaoelezwa katika kijitabu ninachokihakiki.

Nianze na neno lililoleta hasara. Kijitabu kimeandika «mafuta» kila mahali. Tangi la petroli ni tangi la mafuta. Tangi dogo la oili, ambalo baadhi ya injini za mipigo miwili hulitumia ili oili ichanganyike yenyewe badala ya kuchanganywa na mvuvi ndani ya dumu, nalo ni tangi la mafuta. Vioo vingi vya aina hii humruhusu fundi kukipa kila kipengele jina atakalo, na fundi mtiifu huandika kama kijitabu kisemavyo. Mvuvi mmoja wa Rorya alinisimulia kwamba usiku mmoja, akiwa mbali na mwalo, kioo chake kilianza kupiga kelele na kuandika MAFUTA CHINI. Alikuwa na dumu la petroli, akalimimina lote. Kioo hakikunyamaza. Akaona kwamba kifaa kimeharibika kama vinavyoharibika vifaa vyote vya umeme vinavyopigwa na maji, akakizima, akaendelea. Haukupita muda mrefu injini ikanoki. Walikokotwa hadi ufukoni asubuhi, yeye na wenzake wakiwa salama; lakini pistoni na silinda vilikuwa vimeungua, na msimu wake wa uvuvi ukaishia hapo.

Hapa yatupasa kutulia. Ukiisoma kaida yenyewe, utaona kwamba habari za ujazo wa matangi zina namba yake, 127505, na ndani ya habari hiyo mna tarakimu moja inayotaja kilichomo tangini: 0 ni petroli au dizeli, 1 ni maji safi, 4 ni oili. Yaani kifaa kilikuwa kimetofautisha, waya ulikuwa umetofautisha, na kioo kilikuwa kimepokea tofauti hiyo ikiwa kamili. Iliyoifuta ni tafsiri. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili ni lugha pana na kwamba neno mafuta limetosha tangu zama za babu zetu, kwa taa, kwa chakula na kwa mwili. Ni kweli, na sina nia ya kulitoa katika jiko wala katika taa. Lakini ufundi hauulizi kama neno limezoeleka. Unauliza kama neno hilo limekitenga kitu kimoja na jirani yake. Fundi wa Tarime amekwisha kutenga: husema «petroli» na husema «oili», wala sijamsikia hata mmoja akisema mafuta anapoagiza kipuri. Mfasiri alikuwa na maneno mawili yaliyo hai, yaliyokwisha kupata sauti ya Kiswahili, akayaacha yote mawili kwa kuyaona ya mtaani, akachukua moja lililo safi na lisilofaa. Watumishi wanaoshughulika na nishati wamezoea pia «vilainishi» kwa jumla ya oili na grisi. Hilo ni jina zuri la kundi, ila halifai kuandikwa kwenye kioo, kwani mvuvi hamimini kundi.

Kosa la pili ndilo lililonipa kichwa cha makala. Katika ukurasa unaoeleza namna ya kukifundisha kijisanduku kuhesabu mizunguko, kijitabu kinaagiza: «Chagua idadi ya nguzo za injini, kwa mfano nguzo 12.» Fundi aliniuliza, akiwa ameishika injini iliyofunuliwa kifuniko, «Mwalimu, hizi nguzo ziko wapi humu ndani?» Sikuwa na jibu papo hapo. Baadaye nilitambua kilichotokea. Kiingereza kina neno moja kwa mti uliosimikwa na kwa ncha ya sumaku, na mfasiri alichukua maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Chini ya gurudumu-tegemeo la injini mna sumaku zinazopita mbele ya koili na kuzalisha umeme. Idadi ya ncha za sumaku hizo ndiyo inayoamua mapigo ya umeme katika kila mzunguko. Ncha 12 hutoa mapigo 6. Ncha 6 hutoa mapigo 3. Ukikiambia kioo kwamba injini ina ncha 6 hali inazo 12, kitaandika mizunguko 6,000 kwa dakika wakati injini inazunguka 3,000, na mwenye chombo atalegeza mkono bila sababu. Ukikosea kinyume chake mambo ni mabaya zaidi: injini inayozunguka mara 5,000 itaonekana kuzunguka mara 2,500, na mvuvi atazidi kuikaza.

Linalosikitisha ni kwamba «ncha» haikuhitaji kubuniwa. Kila mwanafunzi aliyejifunza sumaku kwa Kiswahili amesoma habari za ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Istilahi ilikuwapo darasani. Haikusafiri hadi kwenye karakana. Nimewahi kuandika katika kurasa za namna hii kwamba tatizo letu ni upungufu wa istilahi. Siku hizi nasitasita. Katika kijitabu hiki nimehesabu maneno yaliyokosewa, na zaidi ya nusu yana istilahi iliyokwisha kusanifiwa au neno linalotumiwa na mafundi kila siku.

Tuje kwenye nyaya. Mfumo huu una waya mmoja mkuu unaopita katika chombo, na kutoka kwake hutoka nyaya fupi kwenda kwa kila kifaa. Kijitabu kimeuita mfumo «basi», ambalo kwa msomaji wa Tarime ni chombo kinachokwenda Mwanza. Waya mkuu kimeuita «uti wa mgongo». Na nyaya fupi kimeziita «waya za tone», eti kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana ya kudondoka. Uti wa mgongo unaeleweka, na serikali yetu yenyewe ilipotandaza nyaya za mawasiliano nchini iliziita Mkongo wa Taifa. Hata hivyo mgongo una mbavu, na mbavu hazihesabiki kuwa vifaa. Napendekeza «shina» na «tawi», yaani waya-shina na waya-tawi. Faida yake ni kwamba maneno haya mawili huvutana: ukitaja moja, msikilizaji amekwisha kulijua la pili na uhusiano wake. Kanuni nazo zasemeka kwa urahisi: waya-tawi usizidi meta 6, waya-shina mwembamba usizidi meta 100. Najua kwamba watumishi wa umma wenye umri wangu watatabasamu, kwa sababu katika mpangilio wa chama shina ni dogo kuliko tawi. Mti haukuulizwa walipopanga hivyo. Kwenye boti tuufuate mti.

Katika kila mwisho wa waya-shina hufungwa kikinzani cha omu 120, ili mawimbi ya umeme yasigonge mwisho wa waya na kurudi yakivuruga mazungumzo. Kijitabu kimekiita «mkomeshaji». Fundi alielewa, kwa mantiki isiyo na lawama, kwamba ni swichi ya kukomesha umeme wa hatari, akafunga kimoja tu karibu na betri. Kioo kikawa kinawaka na kuzimika kama kimulimuli. Laiti kijitabu kingesema «kikinzani cha mwisho» na kutaja kwamba shina lina miisho miwili, mambo yangekuwa mepesi. Na zaidi, fundi angeweza kujikagua. Umeme ukiwa umezimwa, kipimo baina ya nyaya mbili za habari kiwe omu 60 hivi, kwa kuwa vikinzani viwili vya 120 vimekaa sambamba. Ukisoma 120, kimoja hakipo. Ukisoma 40, kuna mtu amefunga cha tatu. Jina lenye kueleza kazi humwongoza fundi hata pale ambapo maelezo yamekatika.

Sina haja ya kukaa sana katika neno «ardhi». «Unganisha waya mweusi na ardhi,» chasema kijitabu, nacho kinamwambia mtu aliyeelea majini. Maana iliyokusudiwa ni upande hasi wa betri. Hasi na chanya ni maneno ya shule ya msingi.

Nitakaa zaidi katika neno «kipimo», kwa sababu hapa kosa si la neno moja kuchaguliwa vibaya bali la neno moja jema kutwishwa mizigo ya wengine. Ndani ya kijitabu hiki, kipimo ni kile kifaa kilichochomekwa katika injini kuhisi joto. Kipimo ni ile saa ya duara yenye mshale. Kipimo ni namba inayosomwa. Kipimo ni nyuzi au lita au volti. Na kipimo, katika ukurasa wa mwisho, ni ukubwa wa tundu la kutoboa. Kuna sentensi inayomtaka fundi aunganishe kipimo na kipimo ili asome kipimo. Sioni haja ya kuikejeli. Nimekwisha kufasiri sentensi za namna hiyo na kuzipeleka mtambo wa kuchapa.

Mafundi wamejaribu kujiokoa kwa kusema «sensa». Msomaji ataona mara moja hatari iliyopo. Tarehe 23 Agosti mwaka 2022 nchi nzima ilihesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi, na neno hilo limeshika mizizi katika sheria, katika takwimu na katika vinywa vya watu. Mtu anaweza kujibu kwamba hakuna atakayedhani karani wa sensa anakaa ndani ya injini. Ni kweli kwamba muktadha hutenganisha. Lakini tunapokuwa na njia ya wazi ya kuunda neno, hakuna sababu ya kuutegemea muktadha utufanyie kazi. Kiambishi ki- cha ala kimetupa kipimajoto, kipaza sauti na kikotoo. Nacho kimetupa «kihisi», ambalo limekwisha kuingia katika maandishi ya elimu. Nalitetea kwa nguvu zote. Basi kihisi huhisi, «geji» huonyesha, «kizio» hutaja lita au nyuzi, na «somo la geji», au kwa kifupi «usomaji», ni namba yenyewe. Kipimo kibaki kuwa jina la jumla na jina la ukubwa. Geji ni mkopo, nami siuonei haya. Kila dereva wa Mugumu analo.

Tofauti hii ya kihisi na geji ni ya matumizi. Kioo kikiandika joto la kupita kiasi, swali la kwanza la fundi ni kama injini imechemka kweli au kihisi kimedanganya. Kwa lugha ya kijitabu swali hilo haliulizwi, maana «kipimo kibovu» chaweza kuwa chochote.

Kuhusu joto hilohilo kuna jambo la staha. Kijitabu kinaagiza: «Ukiona onyo la joto, mkague mchongezi.» Mchongezi huyo ni ule mchirizi wa maji niliokwisha kuutaja, unaoshuhudia kwamba pampu inavuta maji ya kupozea, waliozungumza Kiingereza waliupa jina la mtoto apelekaye maneno kwa wakubwa. Wapo mafundi wanaouita mkojo: mashine ikikojoa ni nzima, isipokojoa uizime upesi. Kwa uangavu wa maana hakuna neno lililo bora kuliko hilo, na mvuvi aliyeambiwa hivyo mara moja hasahau. Hata hivyo, kati ya vigezo vya istilahi bora vilivyowekwa na Kiingi, ambavyo walimu wetu huvijua kwa jina la PEGITOSCA, kimo kigezo cha kuepuka maneno yasiyo na staha, na mwalimu wa kike atakayefundisha somo hili mbele ya wazee wa mwaloni ana haki ya kulindwa na kigezo hicho. Napendekeza «mchirizi wa kupozea». Mafundi wataendelea na lao.

Mengine nayapitia haraka. «Upogoaji wa injini» ni kupotoka kabisa: hakuna mti unaokatwa matawi hapo, bali injini inainamishwa kidogo mbele au nyuma ili omo ishuke au ipande. «Mwinamo» unatosha, na «kuinua» kubaki kwa ile hali ya kuitoa rafadha majini wakati wa kufika ufukoni. «Injini ikiwa mvivu» ni injini inayonguruma bila kwenda. Madereva huita «sailensa», neno lililoazimwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kimya, likapewa maana ambayo Waingereza wenyewe hawana. Nalipenda, ingawa sithubutu kulipendekeza. Kwa kasi, kijitabu kimeandika «noti 8». Katika soko la Tarime noti ni fedha. Kilometa kwa saa zingetosha, kwa kuwa hakuna mvuvi wa ziwa hili anayepiga hesabu zake kwa maili za baharini.

Neno «saa» lahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Kijitabu kina «saa ya injini», nacho kinakusudia jumla ya muda ambao injini imefanya kazi, kwa ajili ya kujua wakati wa kubadili oili ya gia na mpira wa pampu, ambao kwa injini nyingi huhesabiwa kwa mamia ya saa. Kwetu saa ni kifaa, ni muda wa dakika 60, na ni jina la wakati wa siku. Na jina hilo la wakati tunalihesabu toka macheo, si toka usiku wa manane. Mvuvi aliyeona SAA 106 alidhani kioo kimekosa adabu. Ajabu ni kwamba waya wenyewe haupeleki saa: kaida hupeleka jumla hiyo kwa sekunde, na kioo ndicho kinachogawanya. Tuseme «jumla ya saa za kazi», na kwa nafasi finyu «saa za kazi». Hapo hakuna atakayedhani anaulizwa kama kumekucha.

Hiyo nafasi finyu ndiyo hoja ambayo wenzetu wa kamati za istilahi huisahau. Kioo cha mviringo cha boti ndogo ni kipana kama kiganja cha mtoto, na neno juu yake husomwa na mtu anayerushwa na mawimbi. «Kanieneo» ni istilahi iliyoundwa kwa akili, kani ikigawanywa kwa eneo, na mwalimu wa fizikia haifai aiache. Lakini nimewauliza watu wazima kumi na wawili hivi huku Tarime, na aliyeijua ni mmoja, naye ni mwalimu. «Presha» wote waliijua, ila wengi kwa maana ya ugonjwa. Kwenye kioo ningeandika SHINIKIZO OILI, na darasani ningeeleza kwamba ndilo kanieneo. Kuhusu vifupisho sina neno la uhakika. Mzk/dk kwa mizunguko kwa dakika yaonekana vibaya mwanzoni, kama ilivyoonekana vibaya km/saa, hakuna lisilozoeleka. Afadhali Baraza litoe orodha moja ya vifupisho hivyo kabla kila muuza vioo hajatunga yake.

Limebaki neno «dijitali». Miaka mingi nimekuwa upande wa wale wanaotaka «tarakimu» mahali pake: geji ya mshale kwa ile ya zamani, geji ya tarakimu kwa hii mpya. Hoja ilikuwa safi, kwa kuwa neno la Kiingereza lenyewe latokana na tarakimu. Kijitabu hiki, pamoja na kasoro zake zote, kimenibadilisha. Katika ukurasa wa 9 kuna picha ya kioo kinachoonyesha mizunguko ya injini kwa mshale, mshale uliochorwa kwa nuru, usio na tarakimu hata moja isipokuwa zilizo pembezoni, na nyuma yake mfumo mzima ni wa kidijitali. Kukiita kioo hicho geji ya tarakimu ni kusema uongo kwa macho, na kukiita geji ya mshale ni kusema uongo kwa waya. Kwa hiyo naukubali mkopo: «kidijitali» litaje jinsi habari inavyosafiri, na «mshale» au «tarakimu» litaje jinsi inavyoonyeshwa. Ni mambo mawili, na nilikuwa nikiyafanya moja.

«Dashibodi» nayo naiacha. Wapo walionitaka nipendekeze ubao wa vipimo. Lakini hata kwa Waingereza neno hilo halielezi kitu: lilikuwa jina la ubao uliokinga matope yaliyorushwa na kwato za farasi mbele ya gari la kukokotwa. Madereva wanalo, na siku hizi ofisi za serikali huliita hivyohivyo jedwali la takwimu kwenye kompyuta. Sharti moja tu: dashibodi iwe ubao, na kioo kiwe kioo kilichofungwa juu yake. Kijitabu kimevichanganya, na matokeo yake ni agizo la kutoboa dashibodi tundu nne za skrubu ambalo msomaji asiyetazama picha ataelewa kuwa ni kutoboa kioo.

Kanuni ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, na ambayo Tumbo-Masabo na Mwansoko waliifafanua vyema katika kiongozi chao cha mwaka 1992, yatutaka tutafute neno kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za kwetu, ndipo tuende nje. Kanuni hiyo imetupa matunda. Neno «mwalo» limetoka kandokando ya ziwa hili likapanda hadi katika nyaraka za wizara, wakati pwani walikuwa na «diko» lao. Pwani pia wana «bildi», ile risasi ya kupimia kina, na «batli» ya kuandikia habari za safari. Sioni kwa nini kifaa kinachopima kina kwa mwangwi kisiitwe bildi ya mwangwi, katika ziwa ambalo wastani wa kina chake ni kama meta 40, wala kwa nini kumbukumbu zinazohifadhiwa na kioo zisiitwe batli. Lakini nimeona kwamba mvuvi wa Rorya haijui bildi kama asivyojua neno la Kiingereza. Kwake yeye lahaja ya pwani ni nchi ya mbali, na Mjaluo na Mkurya wanaokutana mwaloni wamekutana kwa Kiswahili cha fundi. Kwa hiyo ningeongeza katika ngazi za kanuni ile ngazi ya karakana, nami ningeiweka juu kuliko tulivyozoea, ingawa si juu ya zote: karakana ndiyo iliyotupa petroli na oili, na karakana hiyohiyo ndiyo iliyotupa sensa.

Nimebakiza kile kijisanduku. Kijitabu kinakiita «lango», tafsiri ya neno kwa neno, na fundi aliyatafuta mahali pa kuingilia. «Kigeuzi» ni jina la haki, isipokuwa limekwisha kutumika kwa kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na vyote viwili vyaweza kuwamo ndani ya boti moja. Nilifikiria «mkalimani», kwa kuwa kazi yake ni kuisikiliza injini isiyojua ila lugha ya mapigo na kuyasema maneno yake kwa lugha ya wote. Lakini mkalimani ni mtu, na ki- ya ala ikiwekwa hapo twapata «kikalimani», neno ambalo ulimi wangu bado unalikataa. Fundi wa Tarime, katika pembe ya ukurasa wa 4, amelikata neno lango kwa mstari mmoja na kuandika juu yake «kidude». Katika ukurasa wa 6 amekata nguzo akaandika ncha. Katika ukurasa wa 11, palipoandikwa mafuta, ameandika oili mara tatu, na mara ya tatu kalamu imetoboa karatasi.